Kufunga mota kwenye baiskeli yako Uingereza, na ikabaki baiskeli mbele ya sheria

Jamaa mmoja ninayefanya naye zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Coventry aliingia kazini siku moja kwa miguu, helmeti mkononi, jasho linamtiririka. Baiskeli yake ya umeme ilikuwa imeshapakiwa kwenye gari la polisi. Aliinunua mtandaoni, mota ya wati 1000, resi ya mkononi kama ya bodaboda, na muuzaji alimhakikishia kwamba barabarani haina tatizo. Kumbe tatizo lilikuwa kubwa. Kwa sheria ya huku alikuwa anaendesha pikipiki isiyosajiliwa na isiyo na bima, na faini ya papo hapo ya kukosa bima ni pauni 300 pamoja na pointi 6 kwenye leseni ya gari. Leseni yenyewe alikuwa ndiyo kwanza ameipata. Dereva mpya akifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya mwanzo, leseni inafutwa, anarudi kuanza mitihani yote upya.

Mimi nimeshafunga baiskeli tatu: yangu, ya mke wangu, na ya mzee mmoja tunayesali naye. Sijaenda chuo cha ufundi. Nilikua nikimshikia spana fundi baiskeli mtaani kwetu, basi. Kazi hii inawezekana kwa siku moja ya mapumziko, tena ukipata na muda wa chai. Kinachotaka akili ni manunuzi, si spana.

Kwanza sheria, maana ndiyo itakayokuchagulia vifaa

Kanuni zenyewe ni za mwaka 1983, zikarekebishwa 2015. Ukizitimiza, chombo chako kinahesabiwa kuwa baiskeli: hudaiwi leseni, usajili, kodi ya barabara wala bima, na njia za baiskeli unapita kama wengine. Ukikosa sharti moja tu, una pikipiki. Hakuna nusunusu.

Baiskeli lazima iwe na pedali zinazoweza kuisukuma kweli. Mota isizidi wati 250 za uwezo wa kudumu. Msaada wa mota ukatike mwendo unapofika maili 15.5 kwa saa, yaani kilomita 25. Anayeiendesha awe ametimiza miaka 14. Zaidi ya hapo, baiskeli ionyeshe kwa maandishi ama nguvu ya mota ama jina la aliyeitengeneza, na pia ama volti za betri ama mwendo wa juu kabisa wa msaada. Maandishi haya watu wengi huyasahau, nitayarudia mwishoni.

Hizo wati 250 huwachanganya watu. Utaona kontrola, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa betri kwenda kwenye mota, imeandikwa ampea 15, betri ni volti 36, ukizidisha unapata 540, moyo unakudunda. Tulia. Sheria inaangalia nguvu ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo bila kuungua, ile iliyochongwa au kuandikwa kwenye mota na mtengenezaji. Kwenye mlima mkali mota halali hupanda juu ya hapo kwa muda mfupi, na hiyo inakubalika. Kisichokubalika ni kununua mota ya wati 1000 ukaibandika kikaratasi cha 250.

Halafu resi. Mota inaruhusiwa kukusukuma bila wewe kukanyaga mpaka kilomita 6 kwa saa tu, mwendo wa mtu anayewahi basi. Ikikusukuma zaidi ya hapo kwa kuvuta mkono, inahitaji kibali cha aina ya chombo, na kukipata kwa baiskeli uliyofunga mwenyewe sebuleni ni safari usiyoitaka. Seti nyingi za kufungia mota huja na resi ndani ya boksi. Ya kwangu iko kwenye droo ya jikoni pamoja na vifunguo visivyojulikana vya mlango gani.

Na kile kitufe cha kubadilisha kati ya "barabarani" na "porini" hakikusaidii. Wizara ya uchukuzi ya huku imeeleza wazi kwamba baiskeli yenye uwezo wa kuondoa kikomo kwa kubonyeza haitimizi kanuni, hata kama siku uliyokamatwa ulikuwa umeiweka upande wa halali. Mwaka 2024 kulikuwa na pendekezo la kupandisha kiwango kiwe wati 500 na kuruhusu resi. Mwanzoni mwa 2025 serikali ikasema haiendelei nalo. Kwa hiyo anayekwambia sheria imelegezwa, mpe chai aendelee na safari yake.

Walioko Ujerumani, Uholanzi na nchi nyingine za Umoja wa Ulaya wana namba hizohizo, wati 250 na kilomita 25. Marekani na Kanada ni hadithi tofauti na viwango ni vikubwa zaidi, kwa hiyo msiyachukue haya ninayoandika kama yalivyo.

Baiskeli ya kuanzia

Baiskeli tulizozipanda utotoni, Phoenix ya babu, Swala, Raleigh, zote ni wajukuu wa ile Rover aliyoitoa John Kemp Starley hapahapa Coventry mwaka 1885: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, na mnyororo unaosukuma la nyuma. Umbo halijabadilika sana, na ndiyo maana mota ya leo inaingia kwenye baiskeli ya miaka 30 iliyopita bila ubishi.

Tafuta baiskeli ya mjini au ya milimani isiyo na makuu, yenye fremu na foki (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) ya chuma. Sumaku ikinasa kwenye foki, umeokoka. Foki ya kaboni usiiguse kabisa kwa mota ya mbele. Foki ya alumini yenye springi nayo mimi naikwepa, kwa sababu midomo yake, pale ekseli inapokaa, ni laini na inaweza kuvunjika ghafla. Chuma hupinda kwanza kikakupa taarifa.

Kabla hujatoa pauni hata moja kwa mota, itengeneze baiskeli yenyewe. Utaongeza uzito wa kilo 6 hadi 7, na utakuwa unakaa kwenye kilomita 25 muda mrefu, hata kwenye kilima ambacho zamani ulikuwa unashuka na kusukuma. Sheria ya huku inataka breki mbili zinazojitegemea. Mimi nataka breki mbili zinazoshika. Badilisha raba za breki, badilisha waya wake kama zina kutu, angalia rimu kama imelika mpaka imeingia ndani. Tairi zenye nyufa tupa. Shika usukani, kaza breki ya mbele, sukuma mbele na nyuma: ukisikia mgongano kwenye shingo, beringi imelegea. Baiskeli mbovu ukiifunga mota unapata baiskeli mbovu inayokimbia.

Anayeniuliza kuhusu Phoenix na zile breki zake za vyuma: mota itafungika vizuri tu, fremu ile ni jabali. Lakini breki za vyuma kwenye mvua ni za kuomba Mungu, na zile swichi za kukata mota ambazo nitazieleza hazikai kwenye mikono yake. Weka kwanza breki za waya.

Betri kabla ya mota

Wengi hununua mota kwanza, kisha pesa iliyobaki ndiyo inatafuta betri. Fanya kinyume chake. Mota ya bei nafuu ikifa, unakanyaga mpaka nyumbani. Betri ya bei nafuu ikifa vibaya, inakuchomea nyumba. Mwaka 2023 pekee zimamoto wa London waliitwa kwenye mioto zaidi ya 100 ya baiskeli za umeme, na kila mara wanarudia onyo lilelile: betri za kuungaunga, chaja zisizolingana, baiskeli zilizofungwa vifaa vya asili isiyojulikana. Yaani sisi.

Betri ya volti 36 ina safu 10 za seli zilizopangwa kwa mfuatano. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, kwa hiyo pakiti nzima ikijaa inasoma 42. Ndani kuna bodi ndogo ya umeme inayolinda seli zisijazwe kupita kiasi, zisinyonywe mpaka chini, na zisitoe mkondo mkubwa kuliko uwezo wake. Kwenye betri feki bodi hiyo ni ya bei ya chini kabisa, na seli zimetolewa kwenye betri chakavu za kompyuta zikavalishwa plastiki mpya. Kwa nje huwezi kujua. Kinachokusaidia ni kununua kwa muuzaji mwenye anwani hapa Uingereza, anayekuandikia aina ya seli zilizotumika, na betri iliyopimwa kwa kiwango cha BS EN 50604-1. Nunua na chaja kutoka kwa huyohuyo. Ukikuta betri mpya ya ampea-saa 20 kwa bei ya viatu vya michezo, hiyo siyo bahati.

Ukubwa gani? Zidisha volti kwa ampea-saa: 36 mara 10 ni wati-saa 360. Kwa mtu anayekanyaga kwa bidii ya kawaida, kilomita moja hula wati-saa 10 hadi 15. Kwa hiyo 360 zinakupeleka kilomita 24 mpaka 36, pungufu kidogo wakati wa baridi kwa sababu betri haipendi baridi kama sisi. Safari yangu kwenda kazini ni kilomita 9, kwenda na kurudi 18. Betri ya ampea-saa 10 inanitosha na inabaki. Usinunue kubwa kwa ajili ya sifa; ni uzito utakaoubeba kila siku.

Mota ipi

Ziko za namna tatu: ya gurudumu la mbele, ya gurudumu la nyuma, na ya katikati inayokaa kwenye ekseli ya pedali. Ya katikati ni tamu milimani kwa sababu inatumia gia zako, lakini inakula mnyororo na inataka vifaa maalumu vya kufungulia. Ya nyuma inashika barabara vizuri, ila lazima ujue kama gia zako za nyuma ni za kufunga kwa nyuzi au za kuchomeka, ununue mota inayolingana; ukikosea utarudisha boksi. Kwa mara ya kwanza nenda na ya mbele. Gia huzigusi, mnyororo huugusi, ukiharibu unarudisha gurudumu la zamani jioni hiyohiyo. Ubaya wake ni kwamba gurudumu la mbele huteleza ukikanyaga kwa nguvu kwenye majani yaliyolowa ya mwezi wa 10 na wa 11. Utazoea kuwa mpole kwenye kona.

Chukua seti ya volti 36, wati 250, mota yenye gia ndani (ni ndogo, karibu kilo 3, na ikizimwa gurudumu linazunguka bila kukwama), na gurudumu la saizi yako. Saizi imeandikwa ubavuni mwa tairi: 26, 27.5, au 28 ambayo pia huandikwa 700C. Pima na upana kati ya midomo ya foki: baiskeli nyingi ni milimita 100, na seti nyingi zimetengenezwa kwa upana huo.

Kufunga gurudumu: hapa usiwe na haraka

Ndipo mimi nilipokosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Geuza baiskeli miguu juu. Toa gurudumu la mbele. Kabla hujaweka tairi kwenye gurudumu jipya, lijaribishe likiwa tupu. Ekseli ya mota si ya duara kamili. Imechongwa bapa pande mbili, na upana kati ya bapa hizo ni kama milimita 10. Midomo ya foki nyingi ni nyembamba kidogo kuliko hapo, kwa hiyo itakubidi upitishe tupa. Piga tupa kidogokidogo, pande zote sawa, jaribu, piga tena. Unataka ekseli iingie kwa kusukumwa na kidole gumba na ikae mpaka ndani kabisa mwa mdomo. Ikicheza, umeshazidisha.

Hizo bapa ndizo zinazozuia ekseli isizunguke. Ukikanyaga, mota inasukuma gurudumu mbele, na ekseli nayo kwa nguvu ileile inataka kuzunguka nyuma. Kwenye baiskeli yangu ya kwanza nilikaza nati mbili kwa mkono wangu, nikaona inatosha. Siku ya tatu, kwenye kilima, nikasikia mlio kama wa mtu anayevunja muwa. Ekseli ilikuwa imezunguka ndani ya midomo, imeitanua, na waya wa mota unaotokea kwenye tundu la ekseli ulikuwa umejisokota mara tatu na kukatika. Gurudumu halikuchomoka, namshukuru Mungu, lakini foki ilikwenda kwenye chuma chakavu.

Kwa hiyo weka vitu viwili. Kwanza, washa zenye jino, yaani zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati, jino likiingia kwenye mdomo wa foki. Pili, kipande cha chuma kinachovaa ekseli kwa tundu la bapa na upande wa pili kinafungwa kwenye mguu wa foki kwa klampu. Mimi nakiita mkono wa kuzuia. Seti nyingine huja nao, nyingine hazina. Ni chini ya pauni 15, nunua. Ufungwe upande waya unapotokea au upande wa pili, vyote sawa, alimradi umebana.

Waya utazame chini unapotoka kwenye ekseli, kisha upande juu. Mvua ya huku hainyeshi tu, inaishi. Waya ukitokea ukitazama juu, maji yatatiririka kuufuata mpaka ndani ya mota. Angalia pia mshale kwenye mota unaoonyesha upande wa kuzunguka. Sasa ndiyo uvae tyubu na tairi, urudishe gurudumu, ukaze nati kwa spana namba 18 mpaka niutoni mita 40 hivi, ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza. Kama huna spana ya kupimia, kuna karakana za jumuiya karibu kila mji ambako watakuazima. Rekebisha raba za breki, maana rimu mpya inaweza kuwa nyembamba au pana kuliko ya zamani.

Kihisi cha pedali na breki

Hiki ndicho kinachoifanya baiskeli iwe halali: pete ndogo ya sumaku, mara nyingi 12, inayozunguka pamoja na pedali, na kihisi kinachozihesabu. Ukikanyaga, mota inasaidia, ukiacha, inaacha. Kwenye seti za kawaida itakubidi ung'oe mkono wa pedali kwa kifaa maalumu cha kuuvuta. Usiugonge kwa nyundo, utaharibu nyuzi. Kama hutaki kung'oa, zipo pete zinazofunguka vipande viwili. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya sumaku na kihisi, na uhakikishe havigusani pedali ikizunguka. Ukikuta mota inaamka unapokanyaga kinyumenyume, pete umeigeuza. Ifungue uigeuze tena.

Mikono ya breki inayokuja na seti ina swichi ndani. Ukigusa breki tu, mota inakatwa kabla raba hazijafika kwenye rimu. Iweke. Kihisi cha pedali huchelewa kidogo kuzima, nusu sekunde hivi, na nusu sekunde mbele ya mtoto aliyekimbia barabarani ni nyingi mno.

Betri, kontrola na waya

Betri ikae kwenye bomba la chini la fremu, pale pa chupa ya maji. Uzito ukiwa chini na katikati, baiskeli haiyumbi. Kitako chake kinafungwa kwa skrubu mbili za chupa. Kama fremu yako haina matundu hayo, usitoboe. Nunua betri ya kukaa kwenye keria ya nyuma.

Plagi za kisasa zina rangi na mshale: kijani kwa kijani, nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, mshale utazamane na mshale. Zinasukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Ukizungusha unapinda pini ndani. Kontrola, kama haimo kwenye kitako cha betri, iweke kwenye kipochi chini ya fremu, plagi zikitazama chini. Acha waya ulegee kidogo kwenye shingo ya usukani, kisha kata kona kamili kushoto na kulia uone hauvutiki. Funga kwa vibanio vya plastiki. Betri ndiyo ya mwisho kuunganishwa, tena ikiwa imezimwa. Cheche ndogo unapochomeka ni kawaida, kontrola inajaza umeme wake. Moshi si kawaida.

Kuwasha na kuweka kikomo

Gurudumu la mbele likiwa hewani, washa. Kwenye skrini ingia kwenye mipangilio. Seti nyingi hufunguka kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja. Una mambo matatu: saizi ya gurudumu, idadi ya sumaku, na kikomo cha mwendo. Kikomo weka 25.

Saizi ya gurudumu ndipo wajanja wanapojificha. Kontrola haijui mwendo wako; inahesabu mizunguko tu kisha inazidisha kwa saizi uliyoiambia. Ukiidanganya kwamba gurudumu la 28 ni la 20, itaamini unakwenda polepole na itaendelea kusukuma kupita kilomita 30 huku skrini ikisoma 25. Huo ni udanganyifu unaoonekana kwa mtu yeyote mwenye kifaa cha kupima mwendo barabarani, na wewe ndiye utakayekuwa juu ya tandiko. Wengine hukosea bila kukusudia, matokeo ni yaleyale. Kwa hiyo nenda kwenye njia tambarare isiyo na watu, weka simu kwenye usukani ikisoma mwendo kwa setilaiti, kanyaga mpaka usikie msaada unakatika. Simu ikisema 25 au pungufu kidogo, umemaliza. Kupita hapo unaruhusiwa kwenda kasi yoyote kwa miguu yako mwenyewe.

Sasa kile kibandiko. Mimi nilichapa kwenye karatasi ya plastiki isiyolowa, nikabandika kwenye fremu karibu na betri: "250 W, 36 V, 25 km/h". Kwa kanuni zilivyo, hapo nimeandika zaidi ya ninachodaiwa. Ile namba iliyochongwa kwenye mota yenyewe usiikwangue wala kuipaka rangi. Usiku taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, kiakisi chekundu nyuma na vya rangi ya chungwa kwenye pedali. Hilo ni sharti la kila baiskeli, ya umeme au siyo, ila viakisi vya pedali ni kwa zilizotengenezwa tangu Oktoba 1985.

Kuchaji, na kuishi nayo

Chaja ya betri ya volti 36 hutoa 42. Chaja ya betri ya volti 48 hutoa 54.6. Kwenye nyumba za kupanga tunazoishi watu sita, kila mmoja na chombo chake, plagi zinaweza kufanana kabisa. Andika jina kwenye chaja yako kwa maka, na usiazimishe. Usichaji kwenye korido wala karibu na mlango, kwa sababu moto ukiwaka hapo ndipo njia yenu ya kutokea. Usichaji umelala. Chaja ya ampea 2 hujaza betri ya ampea-saa 10 kwa saa 5 au 6. Mimi nachaji mchana nikiwa macho, king'ora cha moshi kiko juu yangu. Betri iliyotoka kwenye baridi kali iache ipate joto la chumba kwanza, usichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Ukisafiri kwenda nyumbani kwa mwezi mzima, iache na chaji ya nusu hivi, isijae wala isiishe. Betri iliyoanguka vibaya, iliyovimba, au inayonuka kama rangi ya kucha, itoe nje na uipeleke kituo cha taka cha halmashauri. Usiitupe kwenye pipa la nyumbani.

Wa London wajue kwamba tangu tarehe 31 Machi 2025 baiskeli za umeme zisizokunjwa haziruhusiwi kwenye treni za chini ya ardhi na nyingi za mjini, baada ya moja kuwaka moto kituoni. Kampuni nyingine za reli nazo zimepiga marufuku hasa hizi za kufungwa nyumbani, kwa hiyo soma masharti kabla hujakata tiketi.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, spoku za gurudumu jipya zitakuwa zimelegea. Zibane mbilimbili kwa vidole ukizunguka gurudumu zima, zile za upande mmoja zitoe ukinzani unaofanana. Iliyolegea iongeze robo mzunguko. Nati za ekseli nimeziwekea mstari mmoja wa rangi ya kucha ya mke wangu, unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye foki. Kila Jumatatu kabla ya zamu nainama nautazama. Mstari ukiwa umekatika mahali nati inapokutana na foki, nati imesogea, na siku hiyo spana inatangulia.